Ndege za Roketi na Gharama ya Kubeba Oksijeni

Injini ya ndege ya abiria, iwe ya pangaboi au ya jeti, huvuta hewa kutoka nje na kutumia oksijeni iliyomo kuchoma mafuta. Injini ya roketi haivuti chochote. Hubeba mafuta pamoja na kemikali ya kuyachoma, kama mzamiaji anayeshuka baharini na mtungi wake mgongoni. Ndiyo maana ndege ya roketi huweza kupaa hata pale hewa ilipo nyembamba mno kwa injini nyingine, lakini akiba yake huisha kwa dakika chache. Kwa maoni yangu, historia ya ndege hizi haieleweki vyema kwa kutazama rekodi za mwendokasi peke yake. Kilichowasumbua wahandisi tangu mwanzo ni jinsi ya kubeba oksijeni bila kumuua rubani.

Tarehe 11 Juni 1928, katika mlima Wasserkuppe nchini Ujerumani, Fritz Stamer aliruka kwa glaida (ndege nyepesi inayoelea bila injini) iliyoitwa Ente, kazi ya mbunifu Alexander Lippisch, ikisukumwa na roketi za baruti, akasafiri takriban kilomita moja na nusu. Baruti ina oksijeni ndani yake, lakini ikishawaka rubani hawezi kuizima wala kuipunguza, kwa hiyo wabunifu waligeukia vimiminika. Tarehe 20 Juni 1939 huko Peenemünde, Erich Warsitz alirusha Heinkel He 176, ambayo injini yake, iliyobuniwa na Hellmuth Walter, ilitumia haidrojeni peroksaidi, kimiminika chenye oksijeni ndani yake.

Kemikali hiyo hiyo ndiyo iliyoendesha Messerschmitt Me 163, ndege pekee ya kivita ya roketi iliyowahi kuingia vitani kwa kazi ya kawaida ya kikosi. Peroksaidi ilipokutana na mchanganyiko wa methanoli na haidrazini, moto uliwaka wenyewe bila cheche. Matangi mawili ya peroksaidi yalikaa ubavuni mwa rubani, ndani ya chumba chake, naye alivaa nguo za nyuzi za kutengenezwa kwa sababu pamba ingeweza kushika moto ikiguswa na kemikali hiyo. Ndege ilifika mita 12,000 kwa chini ya dakika nne, lakini kwa msukumo kamili mafuta yake yalitosha dakika saba na nusu hivi. Baada ya hapo ilirudi ikielea bila injini, ikitua kwa tumbo juu ya ubao wa kuteleza, na mara nyingi ilishambuliwa wakati huo. Kama silaha haikufaulu. Hata hivyo, kuna jambo moja lililofanywa wakati wa majaribio yake ambalo lilikuwa na manufaa makubwa: tarehe 2 Oktoba 1941 Heini Dittmar alivutwa kwanza angani na ndege nyingine ili asitumie mafuta yake kupaa, kisha akawasha injini na kupita kilomita 1,000 kwa saa.

Wasovieti nao walirusha BI-1, iliyotumia mafuta ya taa na asidi ya nitriki, mwezi Mei 1942. Rubani wake, Grigory Bakhchivandzhi, alifariki Machi 1943 baada ya ndege ya aina hiyo kujielekeza chini ikiwa katika mwendo mkubwa.

Wamarekani waliipeleka mbali zaidi mbinu ya kuhifadhi mafuta hadi angani. Bell X-1, iliyobeba alkoholi na oksijeni iliyopozwa hadi kuwa kimiminika, ilidondoshwa kutoka chini ya ndege ya mabomu ya B-29, na tarehe 14 Oktoba 1947 Chuck Yeager akaishinda kasi ya sauti. Rekodi hiyo hutajwa sana. Mimi naona somo kubwa zaidi lilikuwa katika mkia: karibu na kasi ya sauti, mawimbi ya mshtuko yaliyafanya mabapa yanayoinua na kushusha pua yasifanye kazi, na ikabidi bawa zima la mkia lizungushwe. Ndege za kivita za jeti zilizofuata zilichukua mpangilio huo.

X-15, nayo ya Wamarekani, ilifanya safari 199 kati ya 1959 na 1968. Ilidondoshwa kutoka B-52, ikachoma tani kadhaa za amonia na oksijeni kwa muda wa dakika moja na nusu tu, na ngozi yake ilikuwa ya aloi ya nikeli inayostahimili joto kali. Kule juu, ambako hakuna hewa ya kutosha kwa mabapa kuisukuma, rubani aliielekeza kwa roketi ndogo za peroksaidi. Joseph Walker alifika karibu kilomita 108 mwaka 1963, na William Knight alifikia kilomita 7,274 kwa saa mwaka 1967. Mwezi mmoja na siku kadhaa baadaye Michael Adams alipoteza udhibiti wa ndege kama hiyo akafariki.

SpaceShipOne, ndege ya roketi ya kampuni binafsi ya Marekani iliyopita kimo cha Walker tarehe 4 Oktoba 2004, ilichoma mpira kwa oksidi ya nitrasi, ambayo haihitaji kupozwa kama oksijeni kimiminika, na injini yake huzimwa kwa kufunga vali. Wengi waliiona kuwa njia salama. Julai 2007, huko Mojave, California, mlipuko uliwaua wafanyakazi watatu waliokuwa katika jaribio la kupitisha oksidi hiyo kwenye mfumo wa roketi, bila injini yoyote kuwashwa.