Ujumi: nani anasema kitu hiki ni kizuri?

Shangazi yangu alikuwa anatafuta kanga ya kumpelekea mkwe wake aliyejifungua, na arobaini ilikuwa imekaribia. Tulikuwa Mtaa wa Uhuru, kwenye maduka ya vitambaa, saa sita ya jua kali. Kijana wa dukani akashusha doti moja ya rangi ya chungwa, maua meusi, pindo limenyooka kama limepigwa rula. Mimi nikaona shughuli imekwisha. Shangazi akaikunjua, akashika upande wa chini, akasoma: "Mtasema mchana usiku mtalala." Akamrudishia.

"Mwanangu, hii ya mwenye ugomvi. Mimi naipeleka kwa mzazi."

"Mama, ila rangi yake umeiona?"

"Nimeiona. Nitafutie nyingine."

Zikashuka nne, tano. Akachukua moja ya buluu, maua yake madogo, ambayo mimi ningeipita bila kugeuka. Ilikuwa imeandikwa "Tumshukuru Mungu kwa kila jambo." Akaikunja taratibu, akasema, "Hii ndiyo nzuri."

Sote wawili tulikuwa na macho, na sote tulikuwa tunatazama kitambaa kilekile. Kilichotutofautisha ni kipimo. Kipimo hicho cha kuamua nini kizuri, nini kibaya, nini kinafaa na nini hakifai, ndicho wataalamu wa sanaa wanachokiita ujumi. Neno hili hutumika pia kwa taaluma yenyewe inayochunguza uzuri, lakini kabla ya kuwa somo darasani ni kitu ambacho kila mtu amelelewa nacho nyumbani. Watu wengi huuchanganya ujumi na urembo. Urembo ni hina mkononi, nakshi mlangoni, shanga shingoni. Ujumi ni ile sababu inayokufanya useme hina hii imetulia na ile imezidi.

Sasa chukua kipimo hicho ukiweke katika Dar es Salaam, jiji la nchi yenye makabila zaidi ya 120, ambalo Wazaramo walikuwa majirani wa bahari yake kabla Sultani Majid hajaanza kujenga hapa miaka ya 1860, na ambalo tangu hapo limepokea Wahindi, Waarabu, Wajerumani, Wangazija, Wamakonde, Wanyamwezi na wengine wasiohesabika. Kila mmoja alikuja na macho yake. Ndipo linapokuja lile neno jingine, wingi wa tamaduni. Kwa mazoea tunaliwazia kama rafu ya maonyesho: hapa kinyago cha Wamakonde, pale ngoma ya Wagogo, kule mkeka wa pwani, kila kimoja na kibandiko chake. Nadhani picha hiyo inatupotosha. Tamaduni zikikaa karibu hubishana juu ya kipi kizuri, huazimana, na katika kubishana huko vitu vipya huzaliwa.

Irudie ile kanga ya shangazi. Ina mji, yaani sehemu ya katikati, ina pindo linaloizunguka, na ina jina, yaani maneno. Kanga yenyewe huitwa pia leso, neno la Kireno. Husimuliwa kwamba wanawake wa pwani, karne ya 19, walinunua leso zilizochapwa zikiwa bado zimeungana, wakazikata na kuzishona upya hadi zikawa vazi. Doti, yaani vile vipande viwili vinavyouzwa pamoja, ni neno la asili ya Kihindi. Maneno yake yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa za Kilatini. Zimechapwa India, Japani na Ulaya, na hapa jijini zilichapwa katika kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968.

Halafu kuna lile ua lililopinda ncha, nene huku na jembamba kule, ambalo utaliona kwenye kanga nyingi. Ni umbo la zamani la Uajemi na India, la kwenye shali za Kashmir. Mwanamke wa pwani alipoliona hakuuliza kwao linaitwaje. Aliliita korosho. Na mkorosho wenyewe ni mgeni, asili yake Brazili, uliletwa pwani hii na Wareno. Kwa hiyo umbo la Asia limepewa jina la tunda la Amerika, kwa Kiswahili, na leo hakuna mtu Kariakoo atakayekuambia kwamba korosho kwenye kanga ni kitu cha kigeni. Hapo ndipo ninapouona ujumi ukifanya kazi. Watu wa pwani hawakupokea tu ua. Walilipa maana kutoka shambani kwao, wakalizungushia pindo, wakaliwekea maneno chini, kwa sababu kwao kitambaa kisichosema kitu hakijakamilika. Umbo ni la kuazima. Sheria ya kuliweka ni yao.

Lugha yenyewe imebeba historia hii. Vitenzi vya kazi ya mikono ni vya Kibantu: kuchonga, kusuka, kufinyanga. Lakini nakshi na sanaa ni za Kiarabu, na rangi imetoka Uajemi na India. Mtu wa Dar akisema "amechonga nakshi nzuri," mkono na pambo vimetoka pande mbili za bahari.

Mfano wa pili ni wa Mwenge, kwenye vibanda vya wachonga vinyago. Wamakonde walikuja jijini kutoka kusini na kutoka ng'ambo ya Ruvuma, wengi wakitafuta kazi. Kwao walikuwa na barakoa za mapiko, zinazovaliwa na mchezaji wakati wa ngoma za jando. Barakoa hiyo huchongwa kwa mti mwepesi, na lazima iwe hivyo, kwa sababu kuna kichwa cha mtu ndani yake na mtu huyo anacheza. Uzuri wake uko katika kutembea kwake, vumbi likitimka na watoto wakikimbia. Ukiitundika ukutani umebaki na nusu yake.

Mnunuzi wa mjini hakuwa na ngoma. Alikuwa na rafu sebuleni, na alitaka kitu kizito, cheusi, kinachong'aa, kisicholiwa na mchwa. Hivyo mpingo ukatawala. Kuanzia miaka ya 1950 mafundi wakatoa mitindo ambayo babu zao hawakuwa nayo: watu waliobebana kuwa nguzo moja, mtindo ulioitwa ujamaa, viumbe vya ajabu vya mtindo wa shetani, ambao Samaki Likankoa anatajwa kuwa mwanzilishi wake, na maumbo yaliyojiviringisha yaitwayo mawingu. Wako wanaosema hiki si Kimakonde halisi kwa kuwa kilichongwa kwa ajili ya soko. Sikubaliani nao. Fundi alikuwa Mmakonde, hofu na masimulizi yalikuwa yake, na tezo ilikuwa mkononi mwake. Mwenye fedha aliomba weusi na uzito, lakini hakumwambia shetani ana sura gani.

Edward Saidi Tingatinga naye alitoka kusini, Tunduru, akafika Dar akiwa kijana. Mwaka 1968 hivi alianza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya mbao laini za kiwandani, kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, kwa sababu ndizo zilizopatikana dukani. Ule mng'aro unaoitambulisha sanaa hii duniani kote ni mng'aro wa baiskeli. Alifariki 1972, ndugu na wanafunzi wake wakaendelea, na jina lake likawa jina la mtindo.

Si kila tofauti ya ujumi imetokana na kukutana na wengine. Nyingine imetoka ardhini. Nenda Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, utazame msonge wa Wahaya, uliofunikwa kwa nyasi tangu kileleni hadi karibu na ardhi, kisha tembe la Wagogo lenye paa bapa la udongo. Kwa Wahaya mvua ni nyingi na nyasi zipo. Ugogo ni pakavu. Mtoto aliyekulia ndani ya mviringo na aliyekulia ndani ya pembe nne hawawezi kuona "nyumba iliyokaa vizuri" kwa namna moja.

Na kuna uzuri unaotaka mguso. Wazaramo, wenyeji wa hapa, wana mwana hiti, kisanamu kidogo cha mti kisicho na mikono, kichwani kina mtindo wa nywele uliosimama. Mwali akiwekwa ndani alipewa akitunze kama mtoto, akioshe, akipake mafuta. Ukikiona nyuma ya kioo utasema ni kitu rahisi, umbo la mcheduara na kichwa. Lakini ule weusi laini wa kilichotumika sana hautoki kwenye kiboksi cha rangi. Umetoka kwenye viganja vya wasichana waliokishika.

Kwa hiyo siku hizi nikiulizwa kama kitu fulani cha asili ni kizuri, swali langu la kwanza ni kizuri kwa nani, na kwa kazi gani. Linalonitia wasiwasi ni pale jicho moja tu linapobaki, la mwenye kulipa. Nimepita kwenye vibanda nikaona simba yuleyule mara hamsini, kwa sababu simba anauzika haraka. Fundi anajua kuchonga mengine. Hajaulizwa.

Siku ya arobaini tulifika na kile kifurushi. Mzazi akapokea, akashukuru, akampelekea bibi yake mzaa mama aliyekuwa ameketi mkekani. Bibi yule macho yake hayaoni tena. Akaishika kanga, akapapasa pindo kwa kidole gumba, akauliza, "Imeandikwaje?"

Akasomewa.

"Nzuri," akasema, akamwambia mjukuu wake ajifunge.