Barua ya liwali si hati ya shamba

Tangu tuwaombe wakazi wa pwani walete hati za zamani za familia zipigwe picha, meza yetu haikosi mtu aliyeshika bahasha. Hilo twalishukuru. Ila wengi hawaji kwa ajili ya historia. Waja kuuliza barua ya babu ipelekwe ofisi gani ili shamba lirudi. Hivyo naomba tuelewane, hasa juu ya hati zinazotajwa kuliko zote: za uliwali, yaani ugavana, wa ukoo wa Mazrui wa Mombasa.

Ukoo huu ulishika uliwali tangu nusu ya kwanza ya karne ya 18, Muhammad bin Uthman alipowekwa na Imamu wa Oman, hadi Seyyid Said, mtawala wa Oman, alipoitwaa Mombasa mwaka 1837. Cheo kilirithiwa, lakini si baba kwa mwana kama mnavyosimuliana. Muhammad alipouawa mwaka 1746, baada ya kukataa kumtambua Ahmad bin Said, mtawala mpya wa Oman, aliyeshika nafasi yake ni nduguye Ali, aliyetoroka kifungoni na kuirudisha Ngome ya Yesu (Fort Jesus) mikononi mwao. Baada ya Ali akaja Masud bin Nasir, asiyekuwa mwana wa yeyote kati ya hao wawili. Tangu Muhammad auawe, liwali alisimama zaidi kwa kukubaliwa na ukoo wake na masheikh wa Thelatha Taifa na Tisa Taifa, yaani yale makundi mawili ya koo za Waswahili wa Mombasa, kuliko kwa waraka wa Maskati. Kwa hiyo ukiniletea barua ya Imamu inayomteua liwali wa miaka ya 1760, nitakupokea kwa heshima, kisha nitakuuliza ni nani aliyekuuzia.

Tarehe nazo zinatuchosha. Barua iliyoandikwa 1252 si ya mwaka 1252 wa miladi. Ni Hijria, na mwaka huo ulianza Aprili 1836 ukaisha Aprili 1837, yaani mwisho wenyewe wa uliwali wa Mazrui. Nishaambiwa zaidi ya mara moja kwamba karatasi ina miaka karibu mia nane.

Sasa utaratibu, na hapa naomba usomwe polepole. Liwali wa Mazrui kabla ya 1837 hakuwa mtumishi wa serikali yoyote iliyopo leo. Barua zake, daftari za ushuru, nasaba na nakala za mikataba zilizobaki nyumbani ni mali ya familia. Hatuzichukui. Tunazipiga picha mbele yako, unapewa stakabadhi na nakala, unarudi nazo. Lakini baadaye walikuja maliwali wa Sultani wa Zanzibar waliolipwa mshahara chini ya Waingereza, na cheo hicho kilikuwapo hadi wakati wa uhuru. Barua za ofisi zao na rejista zao ni kumbukumbu za umma, hata kama zimekaa kabatini kwa bibi miaka sitini. Zinasimamiwa na Sheria ya Nyaraka za Umma ya Kenya, Sura ya 19, na kuziharibu au kuziuza bila idhini ni kosa. Wengine hunikumbusha sheria ya makumbusho ya 2006, inayohesabu vitu vya kabla ya mwaka 1895 kuwa vya kale. Sheria hiyo, inapoeleza kitu cha kale ni kipi, inatenga vitabu na hati. Someni kifungu chote.

Kuhusu ardhi: Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye madai pwani ayawasilishe yathibitishwe, na ardhi isiyothibitishwa kwa mtu ikahesabiwa ya Serikali. Dhuluma zilizotokana na hapo zinajulikana, na zina mahakama na tume zake. Sisi hatutoi hati miliki, wala muhuri wetu juu ya nakala hauthibitishi mpaka wa shamba.

Kwa nini basi tunazitaka? Chukueni mkataba wa Februari 1824, Mazrui walipojiweka chini ya ulinzi wa Uingereza kupitia Nahodha Owen wa jeshi la majini la Uingereza: ushuru ugawanywe nusu kwa nusu, biashara ya watumwa ikome. Ulinzi wenyewe ulivunjika mwaka 1826. Upande wa Waingereza unasomeka vizuri kwa sababu waliandika na kuweka. Kwa upande wa Mombasa twamtegemea sana Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya aliyefariki mwaka 1947 akiwa ameandika tarikhi ya ukoo wake kwa Kiarabu, ikatoka kitabuni mwaka 1995. Mashairi ya Muyaka, mshairi wa Mombasa aliyewatungia maliwali hao, yalitufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyanakili.

Mnapoleta, leteni bunda zima kwa mpangilio lilivyokutwa, pamoja na risiti na karatasi msizoweza kusoma. Jirani ya karatasi hutuambia ilitoka wapi. Msitie gundi wala selotepu. Msipeleke dukani ikafunikwe plastiki, maana madhara ya joto lile hayarudishiki. Na aliyeandika namba ya simu kwa kalamu ya wino pembeni mwa nasaba ya ukoo wake, asiifute. Atuachie sisi.