Faustin Linyekula si "mcheza shoo"

Ukisema mtu ana kundi la dansi huko Kongo, wengi wanawaza wale vijana wanaokata viuno nyuma ya mwanamuziki wa ndombolo. Kwa hiyo Faustin Linyekula, mtunzi na mwongozaji wa dansi wa kisasa, naye huitwa mcheza shoo. Sivyo.

Linyekula, aliyezaliwa Ubundu mwaka 1974, alianzia kwenye fasihi na tamthilia mjini Kisangani. Dansi ilimkuta Nairobi, ambako mwaka 1997 alianzisha kundi la Gàara pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen. Mwaka 2001 akafungua Studios Kabako mjini Kinshasa, kisha akaihamishia Kisangani. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa zaidi: Kabako si kundi tu. Ni mahali vijana wanapojifunza dansi, tamthilia, muziki na filamu, na imewahi hata kushughulikia maji safi kwa wakazi wa Lubunga, ng'ambo ya mto.

Wala si kwamba anaikimbia ndombolo. Katika onyesho lake la mwaka 2009, *more more more... future*, gita la Flamme Kapaya, mpiga gita wa ndombolo, linanguruma jukwaani, ila maneno yameandikwa na mfungwa wa kisiasa, Antoine Vumilia Muhindo. Jaribu kukata kiuno hapo kama harusini! Mwaka huohuo aliongoza tamthilia ya Racine, mwandishi wa kale wa Kifaransa, kwenye jumba la tamthilia la Comédie-Française, Paris, ambako hakutakiwa kucheza, bali kuwaongoza waigizaji.