Mtoto Akibadilika Ghafla, Ruhusuni Maji ya Mgongo Yapimwe

Mzazi hukubali upesi mtoto atolewe damu. Sisi madaktari tukitaja maji ya uti wa mgongo, yale yanayouzunguka pia ubongo, baba hutoka nje kupigia ndugu simu, na bibi hukumbuka mtoto wa jirani kule Mbagala aliyechomwa sindano ile asiamke tena. Tunaielewa hofu hiyo. Lakini mara nyingi watoto wanaosimuliwa hivyo walifikishwa wakiwa hoi.

Sindano huingia chini kabisa ya mgongo, mahali ambapo uti wenyewe umeshaishia. Maji hudondoka tone kwa tone kwenye vichupa, na mwili huyarudisha ndani ya saa chache. Kuna wakati sisi wenyewe huahirisha: mboni za macho zikitofautiana ukubwa, au mtoto akiwa amezama kwenye kukosa fahamu, tunaanza na dawa na CT, yaani picha ya ndani ya kichwa.

Kwa nini tunang'ang'ania? Mtoto aliyekuwa mzima akipata homa, kisha akaongea yasiyoeleweka, akalala kupita kiasi au akapata degedege la upande mmoja, huenda virusi vimeingia kwenye ubongo. Hapa Dar es Salaam malaria lazima ipimwe kwanza. Ila ikitoka chanya isitufunge macho: vimelea vinaweza kuwa kwenye damu huku kinachouumiza ubongo ni kitu kingine.

Maji ya mgonjwa wa virusi mara nyingi ni meupe kama ya kunywa, kwa hiyo macho hayatoshi. Maabara huhesabu seli nyeupe, hupima sukari na protini, na kipimo cha PCR hutafuta vinasaba vya kirusi. Tunachokihofia zaidi ni hepesi, kirusi kilekile cha vidonda vya mdomoni. Kikishambulia ubongo bila tiba, takriban wagonjwa 7 kati ya 10 hufariki. Dawa ipo, asiklovia, ya kupitia mshipa kwa siku 14 hadi 21, na huanza kabla majibu hayajatoka. PCR iliyofanywa ndani ya siku 3 za mwanzo inaweza kutoka hasi ilhali kirusi kipo. Tukiomba kurudia, tafadhali msikatae.

Mje na habari kamili: alibadilika lini, aliumwa na mbwa, chanjo ya surua alipata? Degedege likianza, mlazeni ubavu, mmoja arekodi kwa simu, mwingine atafute usafiri.