Data ya kwanza si thamani ya mwanzo

"Kaka, data ya kwanza nimeweka sifuri." Nimeisikia tena wiki hii, kwa kijana anayeandika programu ya mizani ya samaki pale mwalo wa Kirumba. Si yeye tu, na leo nimeona niiandike.

Mkondo wa data ni data zinazokuja moja moja kadiri zinavyotokea, programu ikizipokea papo hapo. Kuitenga data ya kwanza ni kuipa kazi yake peke yake, zinazofuata zipite njia nyingine. Basi.

Shida iko kwenye maneno. "Kwanza" na "mwanzo" yote yamezaliwa na kitenzi anza, kwa hiyo anayeyachanganya simlaumu sana. Lakini kwanza ni ku- na anza, yaani tendo lenyewe: kitu kimefika, kimewatangulia wenzake. Mwanzo ni nomino, kama mchezo kutoka cheza na mwendo kutoka enda. Ni mahali pa kuanzia, na papo hata kabla hakijafika kitu. RxJS, maktaba ya JavaScript ya kushughulikia mikondo ya data, inayatenganisha hivyo hivyo. Amri yake ya startWith inatanguliza thamani uliyoichagua mwenyewe, chanzo kikiwa bado kimya. Data ya kwanza huichagui, unaisubiri, na huenda isije kabisa. Ndiyo maana first, amri ya kuchukua data ya kwanza, hutoa kosa mkondo ukifungwa mtupu.

Turudi kwenye mizani. Linawekwa tenga tupu, kilo 3. Hiyo ndiyo data ya kwanza. Si samaki, inawekwa kumbukumbu ili itolewe kwenye kila kipimo kinachofuata. Tenga likirudi na sangara, mizani inasoma 41, mnunuzi analipia 38.

Kijana alitanguliza sifuri juu kabisa, kwa startWith, ili skrini isikae tupu. Sifuri ikawa ndiyo ya kwanza, programu ikaamini tenga halina uzito. Zile kilo 3 zikahesabiwa samaki, na 41 ikabaki 41. Mama anayenunua wa kukaanga angelipia tenga kila linapopanda mizani, na asingejua.

Nikamwambia: dogo, sifuri yako ni nzuri, mtu anahitaji kuona kitu kwenye skrini. Ishushe tu, ikae baada ya hesabu ya tenga. Hiyo iite thamani ya mwanzo. Ya kwanza ni tenga.