Smokie ya Arbroath ni Nini?

Mtu wa Uskoti akikutajia "smokie", hasemi samaki yeyote aliyepigwa moshi. Anamsema hadoki, samaki wa maji baridi ya Atlantiki Kaskazini, aliyebanikwa kwa namna moja maalumu katika mji wa Arbroath au jirani yake, pwani ya mashariki ya nchi hiyo.

Samaki hukatwa kichwa na kutolewa matumbo, lakini mfupa wa mgongo huachwa. Hutiwa chumvi kavu ili ivute maji na kukaza nyama, kisha hufungwa wawili wawili mikiani kwa uzi wa juti na kutundikwa kwenye ufito. Fito hupangwa juu ya pipa lenye moto wa kuni za miti migumu, kama mwaloni. Halafu pipa hufunikwa kwa magunia ya juti yaliyolowa, na siri yote imo humo. Gunia bichi huunyima moto hewa usiwake ndimi, tena hufungia ndani moshi na mvuke, hata samaki akaiva huku akinywa moshi. Baada ya saa moja hivi ngozi imegeuka rangi ya shaba, na nyama ndani ni nyeupe, laini, ina majimaji. Basi usimfananishe na ng'onda: ng'onda hukaushwa akae, huyu hupikwa aliwe.

Wengine humchanganya na Finnan haddie wa Findon, karibu na Aberdeen. Huyo hupasuliwa, na moshi wake ni wa baridi, kwa hiyo hutoka mbichi na lazima apikwe.

Jina ni la Arbroath, ila chimbuko ni Auchmithie, kijiji cha wavuvi juu ya majabali, kilomita chache kaskazini. Husimuliwa kwamba ghala liliungua usiku, na asubuhi watu wakaokota samaki walioiva majivuni, wakaonja. Hadithi za namna hiyo zimesimuliwa kuhusu vyakula vingi mno. Mimi siipi uzito. Nawapa uzito wanawake wa pale, waliotia chambo kwenye ndoana, wakabanika na kuuza, na hata kuwabeba waume zao mgongoni hadi mashuani ili wasianze safari wameloa. Familia zilipohamia Arbroath, ufundi ulihama nazo.

Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya ulilisajili jina hilo: anayeuza "Arbroath Smokie" awe amembanika ndani ya kilomita 8 kutoka mjini. Hadoki mwenyewe anaweza kuvuliwa mbali. Kinacholindwa ni ufundi na mahali.

Ukimpata moto kutoka pipani, mfungue kwa vidole, ng'oa mfupa mzima, ule papo hapo. Akishapoa, mpake siagi, mfunge kwenye foili, umpashe kidogo tu. Ameshaiva.