Maji ya kiangazi kwenye kijito kisicho na kipimio

Mtu akiomba kibali cha kuchepusha maji, wastani wa mwaka haunisaidii sana. Wastani huo umebebwa na mafuriko, na mafuriko ya Machi hayamwagilii bustani ya Oktoba. Ninachotafuta ni kiwango ambacho kijito hukifikia au kukizidi kwa asilimia 95 ya siku.

Njia ya mkato ni kuangalia kituo cha kupimia mto wa jirani na kugawa kwa eneo: bonde likiwa nusu, maji nusu. Kiangazi hesabu hiyo hudanganya. Mvua imekatika zamani, kinachotiririka kinatoka ardhini. Vijito vya miamba ya volkano kama vya Rungwe huendelea kububujika, ilhali bonde la ukubwa uleule juu ya mwamba mgumu, lenye udongo mwembamba, linaweza kukauka kabisa.

Kwa hiyo napima. Mvua ikishakatika wiki kadhaa, napima kijito na kituo cha jirani siku ileile, kisha narudia kadiri kiangazi kinavyokolea. Jozi za vipimo zikikaa karibu na mstari mnyoofu kwenye grafu ya logi (ile ya logarithimu), naazima kumbukumbu za kituo cha jirani za miaka mingi, mradi vijito vyote viwili viwe vya mwamba wa aina moja. Kwenye maji yasiyofika kifundo cha mguu sihangaiki na propela ya kupimia kasi ya maji. Tunaziba kwa mawe na udongo, tunapitisha maji yote kwenye bomba, tunakinga ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa sekunde 8, ni lita 2.5 kwa sekunde. Wasomi wa ofisini hucheka ndoo. Mimi naiamini kuliko ramani zao za mvua.

Kumbukumbu za kituo cha jirani nazo zichunguzwe. Mchanga ukisogea chini ya rula ya kupimia kina, kosa la sentimita mbili masika si kitu. Oktoba laweza kuwa nusu ya mto.

Halafu kuna sifuri. Mto Ruaha Mkuu, ndani ya Hifadhi ya Ruaha, ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu 1993 umekuwa ukikatika kiangazi, kwa sababu maji mengi huchepushwa kwenye mashamba ya Usangu, juu ya mto, na kina cha kinamasi cha Ihefu hushuka chini ya kizingiti cha mwamba cha Ng'iriama, maji yanapotokea. Ukichanganya miaka ya kabla na ya baada unapata namba isiyo ya mto wowote. Tena sifuri haina logi: nakadiria kwanza uwezekano wa kukauka, kisha kiasi cha siku zenye maji. Na kabla sijaandika sifuri kwenye daftari, napanda juu ya mto kuuliza leo ni zamu ya mfereji wa nani.